Mikono miwili ya gomesi ni dakika ngapi? Keki ya mama imenishinda

#1 Mama_Pacha_Kbl (mwenye uzi)
Habari za jioni wadau. Swali langu ni moja ila lina mikia.

Nimekulia Jinja, Uganda, mtaa wa Walukuba. Mama ni fundi cherehani. Desemba kwetu ulikuwa mwezi wa kutolala: gomesi za harusi (yale magauni marefu ya wanawake wa Uganda), nguo za Krismasi za watoto wa mtaa mzima, na juu ya hayo keki za watu, maana mtaani hakuna aliyekuwa na oveni. Mama naye hakuwa nayo. Alikuwa na sigiri (jiko la makaa), sufuria kubwa yenye mchanga mkavu wa ziwani, na makopo matupu ya Blue Band aliyoyapaka mafuta ndani. Anaupasha mchanga moto, anatumbukiza kopo, anafunika, anapanga makaa juu ya kifuniko, kisha anarudi kwenye cherehani. Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Kipimo chake kilikuwa hiki: "Weka keki, shona mikono miwili ya gomesi, funua." Sikumbuki keki yake hata moja iliyozama.

Sasa nimeolewa Kabale, mwaka wa tano huu. Mume kaninunulia oveni ya umeme. Keki inapanda vizuri, nachungulia kwenye kioo nafurahi, baada ya muda imebonyea katikati kama sahani ya supu. Mara tatu mfululizo. Mashemeji wanakuja Krismasi na nimeshajitapa.

Vipimo ni vya mama: unga nusu kilo, Blue Band robo, sukari robo, mayai sita, bekingi pauda vijiko vitatu vya chai vilivyojaa, maziwa kikombe, ganda la limau. Moto 180, dakika 45, kwa kubahatisha, maana mimi kushona sijui.

Mikono miwili ya gomesi ni dakika ngapi? Na kwa nini inazama?

#2 Kadogo_wa_Kambi
Huu ndio uzi wa kweli, una sindano na cherehani kabisa. Nimeweka kiti, mwenye chai alete.

#3 FundiKiyembe
Nyabo, nashona gomesi mwaka wa kumi na saba. Mikono miwili ikiwa imeshakatwa, kwa mashine ya umeme ni dakika 25. Kwa cherehani ya mguu weka 40. Lakini mkono wa gomesi si mkono wa shati. Una ncha inayosimama begani, lazima uitie kanvasi ndani, uikunje, uipige pasi ndipo uipachike. Kama mama alikuwa akipiga pasi ya makaa kati ya mkono na mkono, hiyo ni saa nzima. Je, alikuwa anakata wakati huohuo au vilishakatwa? Jibu hilo kwanza. Mengine ni porojo.

#4 Mwalimu_wa_Fizikia
Si porojo. Jinja iko kama mita 1,100 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kabale inakaribia 2,000. Kadiri unavyopanda, mkandamizo wa hewa unapungua. Viputo vya gesi vinavyotoka kwenye bekingi pauda vinatanuka kupita kiasi, keki inapanda mbio kabla unga na mayai havijashikana. Kuta za viputo zinapasuka, keki inakaa chini. Maji yenyewe huko kwako yanachemka nyuzi 90 tu, kwa hiyo katikati panachelewa kuiva.

Dawa: punguza bekingi pauda kwa robo, sukari punguza vijiko viwili vya mezani, maziwa ongeza kidogo, moto upandishe hadi 190. Lete majibu.

#5 BintiPwani
Ningekubaliana na mwalimu, ila mimi nimezaliwa Mombasa, miguu majini, na keki zangu za kwanza zilizama kama meli. Kwa hiyo mlima peke yake haujibu.

Kosa nililiona hapohapo #1: "vijiko vitatu VILIVYOJAA". Vya nani? Kijiko cha mama kilikuwa kipi? Bibi yangu alikuwa na kijiko kimoja cha bati, kidogo, kimeliwa ukingo. Vijiko vitatu vya kile ni viwili vya hiki cha kisasa. Alipofariki watu waligombania kanga, mimi nilichukua kijiko.

#6 Mtu_wa_Kasese
Mwalimu #4, kwa heshima: si 90. Maji yanapoteza takriban nyuzi moja kila mita 300. Mita 2,000 ni kama 93. Ukitaka 90 panda hadi karibu mita 3,000, na sisi wa Rwenzori tutakuonyesha njia. Mengine uko sawa.

#7 Mwalimu_wa_Fizikia
Nimekubali, 93. Niliandika harakaharaka, nilikuwa nasahihisha karatasi za watoto.

#8 Mzee_Walukuba
Mmemaliza sayansi? Binti kasema mwenyewe "nachungulia kwenye kioo nafurahi". Kutoka kuchungulia hadi kufungua ni hatua moja. Mimi na mke wangu tumeoka miaka thelathini. Keki inazamishwa na mkono wa mtu asiye na subira. Mchanga hauna kioo, ndiyo maana ya mama yako haikuzama. Ungefunua kifuniko chenye makaa, ungeunguza nyusi.

#9 Mama_Pacha_Kbl
Mzee shikamoo. Naapa sikufungua. Mara ya pili pacha mmoja alifungua, nakiri. Ya kwanza na ya tatu, hapana.

@FundiKiyembe, ninavyokumbuka vitambaa vilikuwa vimeshakatwa, vimefungwa vifurushi na jina la mteja juu. Cherehani ni ya mguu. Pasi ya makaa ilikuwepo, tena ilichota makaa kwenye sigiri hiyohiyo ya keki.

#10 FundiKiyembe
Haa! Umeona sasa? Anachota makaa kwa ajili ya pasi, moto wa keki unapungua. Moto wake ulikuwa unaanza mkali unashuka polepole. Wako ni 180 mwanzo hadi mwisho. Hapo ndipo tofauti ilipo, mlima hauhusiki.

#11 NubiWaBombo
Salaam. Nyote mmesahau baridi. Mimi ni wa Bombo, kwetu unga wa kisra (chapati zetu nyembamba) unauchachua usiku, asubuhi unapika. Mume alipohamishiwa huko kusini magharibi, unga wangu ulilala siku mbili ndio ukatoa povu. Nililia, nilidhani nimerogwa.

Kwenye keki ni vilevile. Blue Band ya Kabale asubuhi ni jiwe. Ukiisaga na sukari haifanyi weupe, haibebi hewa. Mayai yakitoka baridi yanaukata mchanganyiko, unaona kama maziwa yaliyoganda. Mama yako Jinja alikuwa na joto la bure. Weka siagi na mayai karibu na sigiri nusu saa, usiyeyushe lakini, kisha saga mpaka mkono ukatae.

#12 BintiPwani
NubiWaBombo hapo umesema. Ila siagi isiyosagika inatoa keki nzito, iliyofumbana kama tofali, tangu mwanzo haipandi. Yake inapanda halafu inashuka. Ni magonjwa mawili tofauti.

Mama Pacha, ukiikata katikati inakuwaje? Mbichi kama uji, au imeiva ila ina mashimo makubwa?

#13 Sukalindizi
Mnatesa mtu wa watu. Dada, achana na keki, kaanga kabalagala. Ndizi ndogo zilizoiva mpaka ganda limeanza madoadoa, ponda, tia unga wa muhogo kidogokidogo mpaka usishike mkono, USITIE MAJI, sukuma, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga. Hakuna mlima, hakuna kijiko cha bibi. Mashemeji watakula wakiwa wamesimama.

#14 Kadogo_wa_Kambi
Usitie maji? Mama yangu anatia kikombe.

#15 Sukalindizi
Basi mama yako anakaanga sponji, mwambie nimesema. Maji yapo ndani ya ndizi. Ukiongeza ya bomba utaongeza na unga, utamu wa ndizi unapotea na mafuta yanaingia.

#16 Kadogo_wa_Kambi
Nimemsomea. Amesema uje kambini useme mbele yake.

#17 Mama_Pacha_Kbl
😂 Banange.

@BintiPwani: keki ya kwanza ilikuwa mbichi katikati. Ya tatu iliiva kabisa ila mashimo makubwa, na kando ilikuwa na ladha kama ya chumvi ya magadi hivi.

#18 BintiPwani
Ladha ya magadi = bekingi pauda imezidi. Nimemaliza kazi yangu.

#19 Mwalimu_wa_Fizikia
Na ndivyo nilivyosema #4. Punguza robo.

#20 BintiPwani
Wewe ulisema mlima, mimi nimesema kijiko. Tusichanganye.

#21 Mzee_Walukuba
Keki ya kwanza mbichi, ya pili mtoto kafungua, ya tatu pauda imezidi. Kwa hiyo keki tatu, makosa matatu, na wote hapa mko sahihi? Haiwezekani. Katika nyumba yangu mtu mmoja tu ndiye huwa sahihi na si mimi.

#22 Kadogo_wa_Kambi
Nje ya mada kidogo: gomesi si vazi la Kihindi? Nilisikia lililetwa kutoka Bombay likiwa limeshashonwa.

#23 FundiKiyembe
Wapi! Gomesi ni ya hapahapa. Jina ni la fundi, Gomes, Mgoa aliyekuwa akishona Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wamisionari wa Gayaza, shule iliyoanza 1905, walimtaka awabunie wasichana vazi la heshima. Husimuliwa kwamba walikuwa wakijifunga shuka la lubugo (nguo ya gome la mti) kifuani, wakishika jembe linalegea. Ndiyo maana wazee wengine bado wanaiita "boodingi", yaani "boarding", kwa sababu ilianzia shule ya bweni. Kwa hiyo aliyeshona asili yake Goa, lakini vazi halikuja na meli.

#24 NubiWaBombo
Ongeza kwamba ile ya kwanza haikuwa kama hii ya leo. Mkanda mpana, vifungo viwili kushoto, shingo ya pembe nne, vilikuja vikibadilikabadilika. Na likawa la watu wote baada ya mke wa Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa kulivaa siku mumewe alipotawazwa 1914, ndivyo tulivyofundishwa. Sisi Wanubi tuna vazi letu, gurbaba, lakini harusini Buganda utatuona na gomesi pia, tena tunazijaza kuliko wenyewe.

#25 FundiKiyembe
Mnazijaza mpaka mita sita hazitoshi, wateja wangu wa Bombo nawajua.

#26 Mtu_wa_Kasese
Tukirudi kwenye keki. Mayai. Mama wa Jinja alitumia mayai ya nani? Kama yalikuwa ya kienyeji, sita ni kama manne ya haya ya trei. Ukiweka sita makubwa unaongeza maji bila kujua, keki inakuwa teketeke katikati. Hilo hakuna aliyelisema.

#27 Mama_Pacha_Kbl
Ya kienyeji! Tulikuwa na kuku wetu chini ya meza ya cherehani. Walikuwa wanakula vipande vya uzi, mmoja alikufa hivyo.

Kale, nimechoka kubahatisha. Nampigia mama kesho. Nilikuwa naogopa, maana atasema nilimdharau kwa sababu ya oveni.

#28 Mzee_Walukuba
Mpigie. Na umwambie kuna mzee wa mtaani anamsalimia, alimshonea suti ya safari ya harusi mwaka ule na suruali ikawa fupi.

#29 Mama_Pacha_Kbl
Nimeongea naye saa nzima, salio lote limekwisha. Naandika kama alivyosema.

Kwanza amecheka mpaka akakohoa. Amesema mikono miwili ya gomesi HAIKUWA kipimo cha keki kuiva. Ilikuwa kipimo cha kubadilisha makaa ya juu. Mikono miwili, anaondoa majivu, anaweka makaa mapya, halafu anashona mkanda na kupachika vifungo, ndipo anafunua. Mimi nilikuwa mtoto, nilisikia nusu nikakimbilia nje kucheza.

Nikamuuliza basi anajuaje imeiva. Kasema: "Inanukia mpaka kwa jirani. Jirani akija kusalimia bila sababu, imeiva."

Kuhusu kijiko kasema ni kile cha kupimia dawa ya kikohozi. Kuhusu mlima kasema mlima haupiki. Kuhusu suruali fupi, mzee, kasema suruali haikuwa fupi. Wewe uliendelea kurefuka.

#30 Kadogo_wa_Kambi
Mzee amekwisha 😂😂

#31 Mzee_Walukuba
Nilikuwa na miaka thelathini na mbili. Nani anarefuka na miaka thelathini na mbili?

#32 BintiPwani
KIJIKO CHA DAWA. Kile ni mililita 5, kinajaa bapa, hakikusanyi kilima. Mama Pacha anajaza kijiko cha chai mpaka kina mlima juu. Huo ndio mlima wa Kabale, mwalimu.

#33 Mwalimu_wa_Fizikia
Nimecheka. Lakini hata kwa kijiko cha dawa, ukihamisha vipimo kutoka mita 1,100 hadi 2,000 lazima upunguze. Sibadiliki.

#34 FundiKiyembe
Na makaa mapya katikati! Maana yake moto ulikuwa unashuka halafu unapanda tena mwishoni, juu. Kwa hiyo nilikosea nusu kule #10. Jamani, mkanda na vifungo ni dakika 20 nyingine. Jumla saa moja na ushei. Dakika 45 zako zilikuwa chache, ndiyo maana ya kwanza ilikuwa mbichi.

#35 Nakshi_za_Arua
Mimi fundi wa Arua, najiunga leo kwa sababu ya hesabu za Kiyembe. Mkanda na vifungo dakika 20? Na tundu za vifungo je, kwa mkono? Nusu saa. Mafundi wa Kampala mnaharakisha halafu kifungo kinadondoka kanisani.

#36 FundiKiyembe
Leta gomesi yako moja na yangu moja, tuzivute.

#37 Mama_Pacha_Kbl
Dada yangu mkubwa kasoma uzi huu, naye anasema mama kasahau. Anakumbuka mikono miwili kisha keki inatolewa, makaa ya juu hayakubadilishwa kamwe, yeye ndiye aliyekuwa akitumwa mkaa na hakutumwa mara mbili. Sasa nimebaki na mama wawili.

#38 Sukalindizi
Kabalagala bado ipo.

#39 Mama_Pacha_Kbl
Desemba 24, saa nne usiku. Nimeoka mbili.

Ya kwanza kwenye oveni: kijiko cha dawa, viwili na nusu, bapa. Mayai manne ya trei. Siagi imelala karibu na sigiri kama alivyosema NubiWaBombo, ikasagika ikawa nyeupe kweli. Moto 190. Ilipanda, ikatulia, nikaanza kuimba. Dakika ya 35 umeme ukakatika. Imezama kidogo upande mmoja tu, ule wa mlangoni.

Ya pili kwa mchanga. Mchanga wa mto nimeuosha na kuukausha siku mbili, kopo la Blue Band, vipimo vilevile. Chini imeungua kidole kizima. Juu iko sawasawa kama meza. Mama mkwe kaingia jikoni kusalimia bila sababu.

#40 Mwalimu_wa_Fizikia
Haijazama! Nani alisema punguza?

#41 BintiPwani
Kijiko.

#42 NubiWaBombo
Siagi. Krismasi njema mamii, mashemeji wakikata, ile iliyoungua ikwangue kwa kisu cha mkate, haitajulikana.

#43 Mzee_Walukuba
Ya mchanga haikuchunguliwa. Sina la kuongeza.

#44 FundiKiyembe
Na muda uliupimaje, wewe usiyejua kushona?

#45 Mama_Pacha_Kbl
Mama mkwe ana cherehani ya mkono, kanifundisha wiki hii. Nimeshona foronya. Keki ya mchanga ilichukua foronya tatu, na ya tatu sijaipinda.

#46 Nakshi_za_Arua
Foronya ya ukubwa gani?